Manukato ya kizamani hutukumbusha zamani ipi?

Mtu akikaa karibu na mzee ndani ya kivuko cha Kamanga na kusema kwamba mzee huyo ananukia kizamani, anasema jambo la kweli, lakini hasemi ni zamani ipi. Manukato hayo huenda yalitungwa Paris kabla mzee hajazaliwa, yakatiwa chupani kiwandani miaka 50 baadaye, kisha yakafika Mwanza kwa njia na kwa wakati usiohusiana hata kidogo na tarehe hizo mbili. Kwa hiyo kila chupa ya manukato ya zamani ina tarehe tatu: ya kutungwa, ya kujazwa, na ya kuingia katika maisha ya mtu aliyeitumia. Mabishano mengi kuhusu manukato haya hutokana na kuzichanganya. Mteja hulalamika kwamba kitu anachouziwa leo si kile alichokuwa akijipaka mama yake, muuzaji huapa kwamba ni kilekile, na mara nyingi wote wawili wana sehemu ya ukweli kwa sababu kila mmoja anazungumzia tarehe yake.

Tuanze na tarehe ya kutungwa, kwa kuwa ndiyo inayotajwa zaidi. Kwa karne nyingi mtengenezaji wa manukato alikuwa na vile tu alivyopewa na maumbile: maua, majani, maganda, utomvu wa miti, na vitu vichache kutoka kwa wanyama. Pwani ya Afrika Mashariki ilikuwa ndani ya biashara hiyo tangu zamani kwa ambari, ambayo hutoka tumboni mwa nyangumi na kuokotwa ufukweni, na Ethiopia ilisifika kwa zabadi, yaani mafuta mazito yanayokwanguliwa kwenye tezi za fungo. Eau de Cologne, ambayo Johann Maria Farina alianza kuitengeneza mjini Köln mwaka 1709, ilikuwa spiriti iliyochanganywa na mafuta ya matunda ya jamii ya ndimu pamoja na majani yenye harufu nzuri. Iliburudisha, kisha ikapotea upesi. Mtu akinusa maji ya aina hiyo leo hapati kipindi chochote mahususi, kwa sababu viungo vyake vilikuwapo kabla ya Farina na vingali vipo.

Harufu ilianza kubeba alama ya wakati wake pale maabara zilipoingia kazini. Mwaka 1868 William Henry Perkin, mkemia wa Uingereza, alitengeneza kumarini, kitu chenye harufu ya nyasi zilizokaushwa juani ambacho kwa asili hupatikana katika mbegu za tonka. Mwaka 1874 Wajerumani wawili, Ferdinand Tiemann na Wilhelm Haarmann, walitengeneza vanilini. Paul Parquet wa nyumba ya Houbigant alitumia kumarini mwaka 1882 katika manukato yaliyoitwa Fougère Royale, akiiunganisha na lavenda, bergamoti, yaani tunda la jamii ya ndimu, na likeni inayoota kwenye magome ya mialoni ya Ulaya. Miaka saba baadaye, mwaka uleule ambao mnara wa Eiffel ulifunguliwa, Aimé Guerlain alitoa Jicky, ambamo kumarini na vanilini zilikaa pamoja na lavenda na zabadi. Manukato ya awali yalijitahidi zaidi kuiga ua au bustani, ilhali haya mapya yaliweza kuwa na harufu isiyo ya kitu chochote kinachojulikana duniani.

Hapa kuna jambo ambalo msomaji wa Afrika Mashariki anastahili kulijua, kwa sababu historia ya manukato huandikwa kana kwamba yote yalitendeka Ufaransa. Vanilini ya kwanza ilitokana na utomvu wa misonobari, lakini haukupita muda wakemia wakapata njia ya kuitengeneza kutokana na eujenoli, ambayo ndiyo kiungo kikuu cha mafuta ya karafuu, na njia hiyo ilitumika hadi ndani ya karne ya 20. Katika miaka hiyo sehemu kubwa ya karafuu za dunia ilitoka Unguja na Pemba. Eujenoli hiyohiyo ndiyo inayoipa L'Heure Bleue ya mwaka 1912 na L'Air du Temps ya mwaka 1948 ule ukali mtamu wa viungo unaosikika chini ya maua. Langilangi iliyoingia katika manukato ya fahari ya Paris ilitoka Komoro na kisiwa cha Nosy Be, Madagaska. Kwa hiyo mtu anayefungua chupa ya kizamani ya Kifaransa akiwa Mwanza na kuhisi kuna kitu anachokijua ndani yake hajidanganyi, kwa kuwa baadhi ya vitu vilivyoijenga harufu hiyo vilipakiwa kwenye meli katika bahari yetu.

Ugunduzi mwingine wa wakati huo ulikuja kwa bahati. Mwaka 1888 Albert Baur, aliyekuwa akichunguza baruti za jamii ya TNT, aliona kwamba moja ya kemikali alizozipata ilinukia kama miski. Miski ya kweli ilitoka kwa paa wa milima ya Asia na bei yake ilikuwa ya kutisha. Miski ya Baur na miski nyingine za jamii hiyo zilizofuata ziliweza kutengenezwa kwa mapipa. Zikaingia katika manukato ya matajiri, kisha katika sabuni, na hatimaye katika poda. Harufu ile ya unga laini, tamu kidogo na yenye joto, ambayo wengi wetu tunaihusisha na bibi aliyetoka kuoga jioni, kwa kiasi kikubwa ni harufu ya miski za namna hiyo.

Karne ya 20 iliongeza mambo mawili makubwa kabla ya vita vya pili. La kwanza ni Chypre ya François Coty, iliyotoka mwaka 1917, wakati Ulaya imezama vitani. Bergamoti ilikuwa juu, utomvu wa labdanamu katikati, na ile likeni ya mialoni chini, na mpangilio huo ukawa familia kamili ya manukato ambayo Mitsouko ya Guerlain, ya mwaka 1919, ndiyo mwanawe maarufu zaidi. Harufu yake ni kavu, ya msitu wenye kivuli, isiyojipendekeza kwa mtu. La pili ni Chanel No. 5 ya mwaka 1921. Mtunzi wake, Ernest Beaux, aliyezaliwa Moscow na kufanya kazi huko kabla ya mapinduzi ya Urusi, alitumia aldehaidi, kemikali za harufu zinazotengenezwa maabara, kwa kiasi ambacho wengi hawakuwa wamekithubutu. Aldehaidi zikiwa peke yake hunukia kama nta ya mshumaa uliozimwa na maganda ya machungwa, lakini zikikutana na mafuta mazito ya yasmini na waridi huyaamsha, kama ndimu inavyomwamsha sato wa kukaanga. Shalimar ikafuata mwaka 1925, ikiwa na vanilini nyingi kuliko ilivyodhaniwa kuwa ni adabu, na Joy ya Jean Patou mwaka 1930, ambayo ilitangazwa kwamba wakia moja ilihitaji maua 10,600 ya yasmini na dazeni 28 za waridi.

Baada ya vita mambo yalikwenda kasi na sioni haja ya kusimama kila kituo. Miss Dior ilitoka mwaka 1947 pamoja na magauni mapana ya Christian Dior, wakati Ulaya ilikuwa imechoka na mgawo wa vitambaa. Eau Sauvage ya mwaka 1966 ilileta hedioni, kiungo chenye wepesi na upepo wa yasmini isiyo na uzito. Charlie ya mwaka 1973 ilimlenga mwanamke anayejinunulia manukato mwenyewe bila kungoja zawadi. Opium ya 1977 na Poison ya 1985 zikaja na harufu inayotangulia mtu mlangoni. Na mwaka 1988 Cool Water ikafungua mlango wa harufu za maji na usafi ambazo vijana wa leo huziona kuwa ndiyo manukato yenyewe. Jambo la kushika ni kwamba kila hatua inategemea malighafi iliyopatikana wakati huo. Pua iliyozoea inaweza kukisia muongo wa manukato hata bila kuona jina, kwa kuwa hedioni haikuweza kuwamo katika chupa ya 1930, na Cool Water isingeweza kutungwa na mtu wa 1921.

Lakini hiyo ni kalenda ya Paris na New York. Mwanza ina kalenda yake, na hapa ndipo suala linapokuwa gumu na tamu zaidi. Reli ya Uganda ilifika Kisumu mwaka 1901, na tangu hapo bidhaa za Mombasa ziliweza kuvuka ziwa kwa meli hadi kwetu. Reli ya kutoka Tabora ilifika Mwanza mwaka 1928. Kilichosafiri kwa njia hizo hakikuwa manukato ya Joy. Zilikuwa sabuni, poda, pomedi, na maji ya lavenda, vitu ambavyo mkulima wa pamba aliyelipwa msimu ukimalizika angeweza kuvinunua kwa mkewe pamoja na kitenge.

Harufu za fahari zina desturi ya kushuka. Mtindo unaoanza katika chupa ya matajiri huigwa baada ya miaka kumi au ishirini katika sabuni ya kuogea, kisha katika poda, kisha katika sabuni ya kufulia. Aldehaidi za mwaka 1921 zilishuka hivyo hadi zikawa harufu ya sabuni nyeupe ya kuogea duniani kote. Mchanganyiko wa lavenda, kumarini na likeni wa mwaka 1882 ulishuka hadi kwenye krimu ya kunyolea, na ndiyo sababu mwanamume wa Mwanza akinusa manukato yoyote ya familia hiyo hufikiri kwanza kiti cha kinyozi, taulo shingoni na spiriti inayochoma kidevuni. Hamfikirii Paul Parquet, na hana kosa. Anachokikumbuka ni kipindi cha kweli, ila ni kipindi cha mwisho wa safari ya harufu, wala si cha mwanzo wake. Kwa sababu hiyohiyo binti akipewa Chanel No. 5 kwa mara ya kwanza husema kwamba inanukia sabuni. Wajuzi humcheka, nami naona wanakosea kumcheka, kwa sababu pua yake imesoma historia sawasawa, isipokuwa imeanzia ukurasa wa mwisho.

Kando ya njia hiyo ya Ulaya kulikuwa na njia nyingine, ya mafuta yasiyo na spiriti. Udi, waridi na sandali zilifika ziwani pamoja na wafanyabiashara wa pwani na wa Kiarabu, na zingali zinauzwa katika vichupa vidogo vinavyopimwa kwa tone. Katikati ya njia hizo mbili ilisimama Bint el Sudan, manukato yaliyobuniwa Khartoum na Mwingereza Eric Burgess, mwakilishi wa kampuni ya W. J. Bush ya London, karibu na mwaka 1920. Yalitengenezwa kwa mafuta bila spiriti, yakatiwa katika kichupa kidogo chenye picha ya msichana, na yakaenea katika nchi nyingi za Afrika hadi kuwa miongoni mwa manukato yaliyouzwa sana barani. Ukitafuta manukato ya kale yanayoweza kuitwa yetu kwa historia, mimi ningeyataja hayo kabla ya jina lolote la Paris.

Kisha uhuru ukaja, na baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 uagizaji wa bidhaa za nje ukabanwa hatua kwa hatua, hadi vita vya Kagera vya 1978 na 1979 na uhaba uliofuata vilipoifanya hata sabuni ya kawaida kuwa kitu cha kupanga foleni. Mwaka 1984 serikali iliruhusu watu kuingiza bidhaa kwa fedha zao za kigeni bila kuulizwa zimetoka wapi, na mwaka uliofuata Ali Hassan Mwinyi akawa Rais. Maduka yakajaa kwa haraka. Manukato yaliyotungwa katika miongo mitatu tofauti yakaingia sokoni kwa pamoja, yakapangwa kwenye rafu moja. Kwa kijana wa Ulaya, Old Spice ilikuwa ya babu, Brut ya baba, na Drakkar Noir ya kwake mwenyewe. Kwa kijana wa Mwanza zote tatu zingeweza kuwa za mwaka 1986, harufu za zama za Ruksa, za suruali mpya na muziki wa dansi. Anayesema Brut ni ya mwaka 1964 na anayesema ni ya enzi za Mwinyi wanaweza kukaa meza moja, na hakuna anayemdanganya mwenzake.

Kuna sababu ya mwili inayofanya tarehe hii ya tatu iwe na nguvu kupita zile nyingine. Taarifa za kuona na kusikia hupitia kituo cha kati katika ubongo kabla ya kufika penginepo, lakini za harufu huenda karibu moja kwa moja hadi sehemu zinazoshughulika na hisia na kumbukumbu. Tena, kumbukumbu zinazoamshwa na harufu huwa mara nyingi ni za utotoni. Ndiyo maana mtu anaweza kusahau uso wa shangazi aliyemlea Ukerewe kwa mwaka mmoja, lakini poda yake akaitambua ndani ya daladala.

Tarehe ya kujazwa chupa ndiyo inayoleta ugomvi dukani, kwa sababu jina likibaki lilelile watu hudhani kilichomo ndani nacho kimebaki. Sivyo. Miski mojawapo katika zile zilizomfuata Baur, iitwayo miski ambreti, ilitumika sana katika manukato ya kiume ya miaka ya 1960 na 1970, hadi ilipogundulika kwamba inadhuru neva na kuifanya ngozi idhurike kwa jua. Ulaya iliipiga marufuku katika miaka ya 1990. Likeni ya mialoni ina vitu viwili, atranoli na kloroatranoli, vinavyosababisha mzio wa ngozi, na kanuni ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2017 ilivipiga marufuku, hivyo tangu Agosti 2021 bidhaa zenye vitu hivyo hazikuruhusiwa tena kuuzwa huko. Shirikisho la kimataifa la wenye viwanda vya manukato, IFRA, lililoanzishwa mwaka 1973, limekuwa likiweka mipaka ya viungo vingine vingi. Familia nzima ya Chypre ilibidi ijengwe upya juu ya msingi mwingine. Sikubaliani na wanaozilaani kanuni hizo, kwa sababu ngozi ya mtu ni muhimu kuliko urithi wa chupa, lakini muuzaji anayeapa kwamba hakuna kilichobadilika anapaswa kuacha kuapa.

Zaidi ya kanuni kuna kuzeeka kwenyewe. Nilipewa chupa ya Brut iliyobaki kwa marehemu baba yangu mdogo, iliyokaa miaka mingi juu ya kabati katika nyumba ya mabati huko Nyakato. Kioo cha kijani kilikuwa kizima, medali ikining'inia shingoni kwa mnyororo wake, na ndani kulibaki kimiminiko cha upana wa kidole gumba. Nilidondosha kidogo kwenye karatasi. Dakika za kwanza zilikuwa kali na chungu, zenye kukaribia harufu ya vanishi, kwa kuwa mafuta ya jamii ya ndimu ndiyo huharibika kwanza yanapokutana na hewa na joto. Baada ya robo saa ukali ulipungua, lavenda ikajitokeza, pamoja na ule ubichi wa majani ya jeraniamu yanapofikichwa. Asubuhi iliyofuata karatasi ilikuwa na kumarini na miski tu, laini, kamili, bila dosari yoyote niliyoweza kuitambua. Mtu aliyenusa mara moja na kuifunga chupa angesema imeoza, kumbe kilichooza ni mlango tu, nyumba ingali imesimama.

Kwa hiyo kuna hasara tatu tofauti ambazo huitwa kwa jina moja la kubadilika: kanuni imeondoa kiungo, joto limeharibu kiungo, au pua ya mnusaji imebadilika. Mjini Versailles kuna hazina ya manukato iitwayo Osmothèque, iliyofunguliwa mwaka 1990 na Jean Kerléo pamoja na wenzake, ambako manukato ya kale, mengine yakiwa yametengenezwa upya kwa kufuata maandishi ya asili, huhifadhiwa katika nyuzi joto 12 chini ya gesi ya agoni ili hewa isiyaguse. Huko mtu anaweza kunusa Fougère Royale ya 1882 jinsi ilivyotungwa. Kwetu, ambako mchana huvuka nyuzi 27 na chini ya bati huzidi hapo kwa mbali, ni lazima tujitegemee kwa namna nyingine.

Boksi husaidia sana kukisia tarehe ya kujazwa. Manukato ya Ulaya ambayo boksi lake halina orodha yoyote ya viungo kwa kawaida ni ya kabla ya mwisho wa miaka ya 1990. Orodha ikitaja limonene, linalool au coumarin kwa majina, chupa hiyo kwa kawaida ni ya mwaka 2005 au baadaye, kwa sababu ndipo sheria ya Ulaya ilipodai vitu hivyo vitajwe. Chupa ya 4711, aina maarufu ya Eau de Cologne, iliyoandikwa kwamba imetengenezwa Ujerumani Magharibi haiwezi kuwa mpya, kwa kuwa nchi hiyo haikuwapo kwa jina hilo baada ya 1990. Wale wanaouza mafuta ya kupima huko Makoroboi mjini Mwanza wana majina yote maarufu kwenye vibandiko vyao, lakini kilichomo ni mwigo, na mwigo wa leo kwa kawaida huiga toleo la leo, kwa hiyo mteja asiyatafute humo manukato ya mama yake.

Chupa iliyookolewa ikae ndani ya boksi lake, wima, chini kabisa ya kabati la nguo, mbali na dirisha na mbali na bafu. Ikiwa imebaki nusu, yaliyomo yahamishiwe katika kichupa kidogo cha kioo kinachojaa hadi shingoni, kwa kuwa hewa iliyo juu ya kimiminiko ndiyo inayoendelea kuyala. Tarehe ya tatu haipatikani kwenye boksi wala kwa kunusa. Iko kwa watu. Anayerithi chupa na aulize mapema, wakati wenye kujua wangali wapo, ilinunuliwa duka lipi, ilikuja kwa treni ya Tabora au ililetwa na mtu aliyeshuka melini kutoka Kisumu, na ilikuwa ikitolewa kabatini kwa ajili ya siku zipi.